Kununua na Kukagua Kalipa Zilizotumika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kalipa iliyotumika inafaa kununuliwa?

Inafaa, mradi taya zake ni nzima. Kalipa haina vitu vingi vya kuharibika. Ni rula ngumu iliyonyooka, kitelezi kinachopita juu yake, na taya: ndefu za kupimia nje, fupi za kupimia ndani. Chuma kilichotengenezwa vizuri hakizeeki kwa kukaa sandukuni. Kinachoila kalipa ni mikono ya watu: kupima kitu kikiwa bado kinazunguka kwenye mashine ya kukereza, kuchorea mistari kwa ncha za taya, kuiangusha, kuiweka mfuko mmoja na tupa na nyundo.

Kwa hiyo jina la kiwanda lisikupumbaze. Mitutoyo, TESA, Mahr na Starrett hutengeneza kalipa bora, lakini kalipa ya jina kubwa iliyolika taya itakudanganya kuliko kalipa isiyo na jina ambayo taya zake zinafunga sawasawa. Kagua kwa mpangilio huu: taya kwanza, kitelezi pili, mizani (mistari ya kusomea vipimo) au skrini mwisho. Wanunuzi wengi huanza na skrini, na hapo ndipo wanapopotea.

Nichague ya venia, ya saa au ya dijitali?

Kwa kitu kilichotumika, venia (ile inayosomwa kwa kulinganisha mistari midogo ya kitelezi na mistari ya rula) ndiyo yenye hatari ndogo. Haina betri wala gia. Kama mistari inasomeka na taya zinafunga, umeshamaliza sehemu kubwa ya ukaguzi. Inadai macho mazuri na mazoea. Chagua iliyopakwa kromu isiyong'aa, kwa sababu ile inayometameta huchosha macho na kuficha mistari.

Kalipa ya saa, yenye uso wa duara na mshale, husomeka haraka, ila ndani ya mfereji wa rula kuna meno madogo yanayozungusha mshale. Chembe moja ya chuma ikiingia humo, mshale huruka jino na vipimo vyote vinavyofuata vinakuwa vya uongo mpaka uirekebishe.

Dijitali ni rahisi kusoma na hubadili milimita kuwa inchi kwa kubonyeza. Udhaifu wake ni kwamba elektroniki zikifa, mara nyingi matengenezo hayalipi. Inunue ukiwa umeiona inafanya kazi, si kwa ahadi kwamba "inahitaji betri tu".

Skrini inaonyesha 0.01 mm. Je, huo ndio usahihi wake?

Hapana, na swali hili lingepaswa kuwa la kwanza. Hiyo 0.01 ni hatua ndogo kabisa ambayo skrini inaweza kuonyesha. Kalipa nzuri ya dijitali ya mm 150 hutangazwa kuwa na kosa la hadi ±0.02 mm. Venia inayosomeka kwa 0.05 mm kwa kawaida hupewa nafasi ya ±0.05 mm. Anayehitaji uhakika wa sehemu moja ya mia ya milimita achukue maikromita (kifaa kinachopima kwa kuzungusha skrubu).

Sababu iko kwenye umbo la kifaa. Mizani iko kwenye rula, lakini kitu kinachopimwa kiko pembeni yake, kati ya taya. Ukibana kwa nguvu, kitelezi huinama kidogo, ncha za taya zinaachana, na kipimo kinasomeka kidogo kuliko ukweli. Ernst Abbe alieleza kanuni hii mwaka 1890: mizani inapaswa kuwa kwenye mstari mmoja na kitu kinachopimwa. Maikromita hufuata kanuni hiyo, kalipa haifuati. Ndiyo maana kitelezi kilicholegea ni kosa kubwa hata kama taya ni nzuri.

Nichukue vifaa gani ninapokwenda kukagua?

Kitambaa kisichoacha nyuzi, kipande cha karatasi safi, tochi ndogo, kioo cha kukuzia, bisibisi ndogo, na betri mpya kama kalipa ni ya dijitali. Kisha vitu vya kulinganishia: geji bloku (vipande vya chuma vyenye urefu uliopimwa kwa usahihi mkubwa) ukizipata, usipozipata, beringi mbili mpya zilizo kwenye pakiti, zenye namba za ukubwa 608 na 6205. Kama unayo ile fimbo ya mm 25 inayokuja na maikromita ya mm 25–50, ichukue pia. Ni kipimo kizuri sana ambacho watu hukisahau kwenye boksi.

Nikaguaje taya?

Anza kwa kusafisha. Funga taya juu ya karatasi safi kwa mguso mwepesi, halafu ivute karatasi itoke ikiwa imebanwa. Rudia mara mbili. Karatasi itabeba mafuta na vumbi vinavyozuia taya kukutana. Mtu asiyefanya hivi huikataa kalipa nzuri kwa sababu ya uchafu.

Sasa zifunge na uziinue mbele ya mwanga. Usitazame tochi moja kwa moja; karatasi nyeupe iliyomulikwa kwa nyuma inatosha. Kwenye taya za nje hupaswi kuona mwanga, au uone uzi hafifu ulio sawa kuanzia juu hadi chini. Jicho huona mwanga kwenye ufa wa sehemu chache tu za elfu za milimita, kwa hiyo uzi mwembamba sana si sababu ya kuikataa. Kinachotakiwa kukushtua ni umbo la mwanga:

– Mwanga nchani tu: ncha zimelika, au kitelezi kimelegea. Kitu kikipimwa nchani, kalipa itasoma pungufu kwa kiasi cha ufa huo.
– Mwanga katikati: taya zimelika pale ambapo vitu vingi hupimwa.
– Mwanga karibu na rula huku ncha zikigusana: tafuta kovu lililoinuka nchani. Hii ni dalili ya kuanguka.

Pitisha ukucha kwenye kingo za taya. Kovu lililoinuka utalisikia kabla ya kuliona. Kovu dogo kwenye ukingo linaweza kuondolewa kwa jiwe laini la kunolea, kwa kugusa kilichoinuka tu. Kwa kioo, tazama kama ncha zina mikwaruzo ya upinde. Huo ni ushahidi kwamba zilitumika kama bikari ya kuchorea duara kwenye chuma. Angalia pia kama urefu wa ncha zote mbili unalingana. Wapo wanaozisaga kwenye jiwe la kunolea ili ziingie mahali pembamba, na baada ya hapo joto la kusaga huenda limeshalainisha chuma.

Taya za ndani ni kama visu, nyembamba. Kalipa ikiwa imefungwa, mwanga mwembamba unaweza kupita kati yake na si kosa. Usiofanana juu na chini ndio tatizo.

Sina geji bloku. Beringi inatosha kweli?

Kwa kununua, inatosha, ila ujue ni upande gani wa beringi unaoaminika. Beringi ya 608 ina kipenyo cha nje mm 22, cha ndani mm 8, na upana mm 7. Katika daraja la kawaida, kipenyo cha nje kinaruhusiwa kupungua hadi 0.009 mm na cha ndani hadi 0.008 mm. Lakini upana unaruhusiwa kupungua hadi 0.12 mm! Anayepima upana wa beringi na kusema kalipa ni mbovu anaionea.

Kwa hiyo pima kipenyo cha nje. Kwa kalipa ya ±0.02 mm, 608 isome kati ya 21.97 na 22.02. Beringi ya 6205 ina mm 52 nje, nayo isome kati ya 51.97 na 52.02.

Ipime 608 sehemu tatu za taya: karibu na rula, katikati, na nchani. Tofauti ikizidi 0.02 mm, taya hazina usawa au kitelezi kinacheza. Kaza kidogo skrubu za kitelezi (zimeelezwa hapa chini) na urudie. Tofauti ikitoweka, umepata kosa linalorekebishika na hoja nzuri ya kuomba bei ishuke. Ikibaki, taya zimelika.

Kwa taya za ndani tumia tundu la 6205, ambalo ni mm 25. Usitumie tundu la mm 8. Kingo za taya za ndani zina unene wake, na kwenye tundu dogo hazigusi penye kipenyo kamili, kwa hiyo husoma pungufu hata kalipa ikiwa mpya. Kwenye tundu la mm 25, usomaji kati ya 24.96 na 25.02 unakubalika. Yumbisha kalipa taratibu: ukivuka tundu tafuta namba kubwa kabisa, na kwa mwelekeo wa kina cha tundu tafuta ndogo kabisa.

Ukiwa na geji bloku, usipime namba nzima kama 10, 20 na 30 peke yake. Vipimo kama 41.3 na 131.4 vinachaguliwa makusudi, kwa sababu hulazimisha mstari mwingine wa venia usomeke, au mshale wa saa usimame sehemu nyingine ya duara.

Kitelezi kinapaswa kusikikaje?

Kisukume kutoka sifuri hadi mwisho kwa kidole kimoja. Kiende kwa uzito ule ule, bila kukwaruza wala kukwama. Zingatia sana mm 50 za mwanzo. Hapo ndipo kazi nyingi hufanyika, na hapo ndipo rula hulika. Kitelezi kikiwa chepesi mwanzoni na kizito kuelekea mwisho, rula imechakaa mwanzoni. Kosa hili huwezi kulirekebisha: ukikaza kitelezi kitoshee mwanzoni, kitakwama mbele.

Kisha shika taya inayotembea na ujaribu kuitikisa juu na chini kama mlango. Isicheze.

Kwenye ukingo wa juu wa kitelezi kuna skrubu mbili ndogo. Zinasukuma kipande chembamba cha shaba nyeusi kinachojaza nafasi kati ya kitelezi na ukingo wa rula. Kurekebisha: kaza skrubu zote mbili mpaka zigote kwa wepesi, kisha zirudishe nyuma karibu nyuzi 45 kila moja, na ujaribu. Endelea kwa hatua ndogo mpaka kitelezi kisicheze na bado kipite laini. Omba ruhusa ya mwenye kalipa kabla ya kugusa skrubu hizo.

Jaribu pia skrubu ya kufungia. Ifunge ukiwa umeshika beringi kati ya taya. Usomaji usibadilike, au ubadilike kwa 0.01 tu.

Nikaguaje sifuri?

Fungua na ufunge mara kumi kwa nguvu ile ile. Sifuri irudi kila mara. Kwenye dijitali, 0.01 kando mara moja moja si neno. Sifuri inayotangatanga ni mbaya kuliko sifuri iliyohama na kutulia, kwa sababu iliyohama unaweza kuitoa kwenye hesabu.

Kwenye venia, usiangalie mstari wa sifuri peke yake. Venia ya 0.02 mm ina nafasi 50 zilizopangwa ndani ya mm 49. Ya 0.05 mm ina nafasi 20 ndani ya mm 19 au mm 39. Taya zikifungwa, mstari wa kwanza na wa mwisho wote wawili lazima ulingane na mistari ya rula. Wa kwanza ukilingana na wa mwisho ukakataa, huenda unatazama kwa pembe. Tazama wima kabisa.

Kwa dijitali kuna mtego. Kitufe cha sifuri huficha uchakavu. Taya zilizolika zikigusana mahali pamoja tu, skrini itakubali kuandika 0.00 bila malalamiko yoyote. Sifuri ya dijitali haithibitishi chochote kuhusu taya. Rudi kwenye mwanga na beringi.

Kwenye kalipa ya saa niangalie nini zaidi?

Tazama mshale kitelezi kikienda taratibu urefu wote, kisha kirudi. Uzunguke bila kuruka wala kusita. Kila unapofunga usimame mahali pale pale. Ukisimama pembeni lakini palepale kila mara, huenda uliruka jino zamani. Hilo hurekebishika, na tofauti ndogo huondolewa kwa kuzungusha uso wa saa. Ukisimama leo hapa kesho pale, meno yana uchafu au yamevunjika. Mulika mfereji wa rula na utafute chembe za chuma. Zitoe kwa brashi laini, si kwa hewa ya kompresa, inayozisukuma ndani zaidi.

Na kwenye dijitali?

Fungua kifuniko cha betri kwanza. Ute mkavu wa kijani au mweupe ni wa betri iliyovuja, na huenda umeshakula vyuma vya kugusia betri. Weka betri mpya ya SR44 (kibetri cha duara cha oksidi ya fedha). LR44, ya alkali, huingia mahali hapo hapo, lakini volti yake hushuka polepole, na kalipa huanza kupepesa namba mapema. SR44 hushikilia volti 1.55 karibu mpaka mwisho wake.

Hakikisha kila kijistari cha namba kinawaka. Fungua hadi mm 25.40, badili kwenda inchi, usome 1.0000. Iache imefungwa dakika kumi bila kuigusa, namba isihame. Kisha isukume haraka hadi mwisho na uirudishe: isome sifuri tena. Ikirudi na namba nyingine, safisha rula kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na urudie, maana mafuta na maji juu ya mizani huvuruga kalipa nyingi za dijitali. Ikirudia kosa baada ya kusafishwa, iache.

Ukiona jina la mwenye zamani limechorwa kwa kalamu ya umeme, jihadhari. Umeme wa kalamu hiyo unaweza kuharibu elektroniki.

Nitaitambuaje ya bandia?

Mitutoyo za dijitali ndizo zinazoigwa sana. Dalili ni maandishi yenye kingo za ukungu, taya zenye alama nene za kusagwa, kitelezi kinachokwaruza, na namba ya modeli isiyolingana na picha za katalogi ya kiwanda. Kwenye modeli ya ABSOLUTE yenye kitufe cha ZERO/ABS kuna jaribio jepesi. Fungua hadi mm 30, bonyeza kitufe mara moja skrini isome sifuri, kisha kibonyeze na kukishikilia. Kalipa halisi itarudisha 30.00, kwa kuwa haikusahau mahali ilipo. Ikishindwa, usilipe bei ya jina hilo.

Jaribio la kuzima, kusogeza na kuwasha tena halitoshi. Kalipa nyingi za bei nafuu huendelea kuhesabu zikiwa zimezimwa, ndiyo maana pia hunywa betri kabatini.

Nikinunua kwa picha tu?

Omba picha hizi: taya zimefungwa mbele ya mwanga, ncha kwa karibu, usomaji wa sifuri, mgongo wa rula, sehemu ya betri, na mwisho wa fito ya kupimia kina (kijiti kinachotoka mwishoni mwa rula). Omba na video fupi ya kitelezi kikienda mwisho na kurudi sifuri. Muuzaji mwenye kalipa nzuri hutumia dakika tano kwa hayo yote. Mpatane kabla kuhusu kurudisha, na ufanye ukaguzi siku ile ile inapofika.

Ina cheti cha zamani cha kupimwa usahihi. Kina thamani?

Kidogo. Linganisha namba ya kalipa na ya kwenye cheti. Zikilingana, unajua ilikuwaje siku ile ilipopimwa, na kwamba mwenyewe alikuwa mtu anayejali vifaa. Leo yake huijui. Kama kazi yako inadai cheti, ipeleke kwenye maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji), na uingize gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kununua.

Kutu?

Madoa juu ya mgongo wa rula hayana shida. Vishimo kwenye nyuso za taya au kwenye kingo kinazopitia kitelezi ni sababu ya kuiacha. Safisha kwa mafuta mepesi na kitambaa. Msasa usiguse popote panapopimia.

Fito ya kina nayo ikaguliwe?

Ndiyo, ni ya sekunde kumi. Funga kalipa, simamisha mwisho wa rula juu ya kioo bapa, kisha shusha fito iguse. Isome sifuri. Fito iliyopinda itasoma vibaya hata taya zikiwa kamili.

Nimepima asubuhi na mchana nikapata tofauti. Kalipa mbovu?

Pengine ni joto. Vipimo vya urefu hurejelewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma cha mm 100 hurefuka karibu 0.011 mm kwa kila nyuzi 10. Kalipa na kitu vikiwa vya chuma na vya joto moja, mabadiliko hayo karibu yanafutana. Shida ni kitu kilichotoka mashineni kikiwa moto, au kalipa iliyokaa juani. Viache mezani pamoja nusu saa. Alumini hurefuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ipe muda zaidi.

Taya zimelika kidogo. Naweza kuzisugua zikae sawa?

Usijaribu. Nyuso mbili lazima ziwe bapa na sambamba kwa sehemu chache za elfu za milimita, na mkono hauwezi kulishika hilo bila vifaa vya kazi hiyo. Utaondoa ufa nchani na kuuleta katikati. Kalipa ya aina hiyo ibaki ya kupimia mbao, bomba na kazi za kukata awali, na iandikwe hivyo juu ya boksi lake ili mwingine asiichukue kwa kazi ya beringi.

Nianze na urefu gani?

Mm 150. Kalipa ya mm 300 ina taya ndefu na uzito mkubwa, kitelezi kikilegea kosa lake linakua, na zilizotumika mara nyingi zimelika mm 100 za mwanzo huku sehemu iliyobaki ikiwa kama mpya. Inunue tu kama una vitu vinavyozidi mm 150, na uikague mwanzo, katikati na mwisho wa rula.